Barua kutoka Michigan: Boti Inapopanda Barabara



Niko Muskegon, ufukweni mwa Ziwa Michigan. Baridi imeingia na wenye boti wanazitoa majini kabla barafu haijatanda. Nyingi zitalala hapa hapa yadini tunapofanya kazi, lakini chache zinahama na wenyewe. Wiki hii tunaandaa boti ya tanga ya futi 36 inayokwenda Seattle juu ya trela, zaidi ya kilomita 3,000, ikikatiza milima ya Rocky.

Mtu wa pwani atauliza: chombo kilichostahimili mawimbi kitashindwaje na lami? Kitashindwa, tena upesi. Maji hukibeba chombo tumbo zima, ilhali trela hukibeba mahali pachache tu. Juu ya hapo kuna mtikisiko usiokoma na upepo wa kilomita mia kwa saa unaopiga kutwa nzima, wala ndani hamna nahodha wa kusikia kitu kinapolegea.

Vipimo ndivyo vinavyotangulia. Kwenye barabara kuu za Marekani mzigo hauruhusiwi kuzidi upana wa mita 2.6 bila kibali. Boti hii ina karibu mita 3.5, kwa hiyo kila jimbo itakalopita lazima litoe kibali chake, na safari ni ya mchana. Kwenda juu, majimbo mengi ya mashariki yana kikomo cha mita 4.1 hivi, trela ikiwemo. Ndiyo maana tunavua kila kilichosimama: rada, antena, kipima upepo, fremu ya kivuli. Kisha tunapima wenyewe, toka chini ya mkuku hadi kilichobaki juu kabisa. Karatasi za kiwandani hazijui mwenye boti aliongeza nini baadaye, na daraja halisomi karatasi.

Mlingoti hung'olewa kwa kreni. Kabla ya kulegeza nyaya za chuma zinazoushikilia, kila skrubu ya kukazia inatiwa alama ya tepe, ili fundi wa Seattle ajue ilikuwa imekazwa mpaka wapi. Nyaya za umeme zinapewa namba. Mlingoti wenyewe unavingirishwa mazulia makuukuu na kufungwa sehemu nyingi, kwa sababu chuma kikisugua alumini siku kadhaa huacha jeraha.

Boti inapokaa kwenye trela, uzito wote unalala juu ya mkuku, kwenye magogo. Zile nguzo za pembeni zenye mito kazi yake ni kuizuia isilale upande, basi. Hapa ndipo nimeona uharibifu mbaya kuliko wote: nguzo zikikazwa kana kwamba ndizo zinazobeba, ubavu wa faiba hubonyea na kupasuka. Mito iwekwe penye kuta za ndani, ambapo chombo kina nguvu.

Matangi ya maji humwagwa, maana lita 300 ni kilo 300 zinazochezacheza. Mashine nayo hukaushwa maji na kutiwa dawa ya kuzuia kuganda, kwani maji yakigeuka barafu kule milimani hupasua chuma. Betri zinakatwa waya, mitungi ya gesi inatolewa, madirisha yanafungwa na kupigwa tepe kwa nje. Turubai hatufuniki: upepo utalipigapiga mpaka likwangue rangi.

Sasa niwaambie lililonifanya niandike. Katika jimbo la Idaho, karibu na mwisho wa safari, boti yoyote ikikuta kituo cha ukaguzi lazima isimame. Wakaguzi wanatafuta kome. Kome pundamilia walionekana katika maji ya Maziwa Makuu ya huku mwaka 1988, na kwa desturi hudhaniwa waliletwa na maji ya uzani, yale yanayobebwa ili meli isiyumbe, ya meli za ng'ambo. Wameziba mabomba ya maji na kubadili maisha ya ziwa zima. Wachanga wao hawaonekani kwa jicho, nao hujificha katika kikombe cha maji yaliyobaki ndani ya ngama au bomba la mashine. Mwaka 2023 ndugu zao, kome kwaga, walikutwa katika mto Snake, Idaho, licha ya ukaguzi wote huo. Kwa hiyo sisi tunaosha kwa maji ya moto, tunatoa kila tone, tunaacha chombo kikauke kabisa.

Kwetu Tanzania nako vyombo vimepanda nchi kavu tangu zamani. Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa ndani ya makasha yapata 5,000 mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Siku hizi chombo cha faiba kinaweza kupanda lori pwani na kufika Mwanza au Kigoma kikiwa kizima, pamoja na chochote kilichojificha ndani yake.

Ziwa Viktoria limeshaonja magugu maji, na wavuvi wake wanajua gharama. Nawaomba wenye boti, wenye malori na maofisa wa uvuvi: chombo kinachotoka ziwa moja kwenda jingine kioshwe, kimwagwe maji yote, kikauke, ndipo kishushwe. Msingoje sheria, anzeni na boti mliyonayo mkononi.