Gitaa lenye sauti ya bati halidai ampli mpya

Leo siandiki juu ya barabara wala usalama. Naandika juu ya sauti. Hapa Bunia, nikimaliza kutuma habari, nashika vyombo vya ufundi, na watu huniletea redio, mikro na ampli. Lalamiko moja linarudi sana: chombo ni kizima, lakini sauti ni nyembamba.

Hivi karibuni alikuja baba mmoja aliyekimbia vita huko Djugu, akiwa na gitaa lake la mbao. Shamba aliliacha, sasa gitaa ndilo shamba. Analipiga kwenye harusi na matanga, na watoto wanakula. Ndani yake amebandika piezo, ile sahani ndogo ya shaba inayotoa mlio katika saa za kengele na vitu vya kuchezea watoto. Piezo hiyo hushika mtikisiko wa ubao na kuugeuza umeme. Lakini kila akiunganisha kwenye mikseri, besi inapotea na kunabaki mlio wa bati. Waliomwita mara moja hawakumwita tena. Fundi mmoja alimshauri anunue ampli kubwa, na bei yake ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi mingi.

Ampli haikuwa na kosa. Kila mlango wa kuingizia sauti una uzito wake, ambao mafundi huuita impedansi na kuupima kwa omu. Mlango wenye omu chache ni mzigo mzito. Wenye omu nyingi ni mwepesi. Piezo inatoa volti, lakini mkondo wake ni mdogo sana. Mlango wa laini wa mikseri nyingi una omu elfu 10 hivi. Ni kumtwisha bibi kizee gunia zima la mihogo: hata akifika, mingi itakuwa imebaki njiani.

Hesabu inaonyesha kinachobaki njiani. Piezo ya upana wa milimita 27 ina nanofaradi 20 hivi. Ikikutana na omu elfu 10, kila sauti iliyo chini ya mitetemo 800 kwa sekunde inafifia. Sasa angalieni gitaa: uzi mnene ukipigwa wazi hutetema mara 82, na ule mwembamba mara 330. Nyuzi zote sita ziko chini ya mpaka! Uzi mnene unabaki na sehemu moja tu ya kumi ya volti zake. Lakini mlango ukiwa na omu milioni 1, mpaka unashuka hadi mitetemo 8, ambayo sikio halisikii.

Dawa yake ni kasakiti kadogo kanakoitwa bafa. Ni kijana anayempokea bibi gunia: mihogo ni ileile, anayebeba ndiye aliyebadilika. Tulitumia TL071 na betri ya volti 9. Mguu wa 6, ambao ndio wa kutokea, tuliuunganisha moja kwa moja na mguu wa 2. Piezo iliingia mguu wa 3 kupitia kondensa ya mikrofaradi 0.1. Rezistansi mbili za omu elfu 100 ziligawa volti za betri nusu kwa nusu, na nyingine ya omu milioni 1 ikapeleka nusu hiyo kwenye mguu wa 3. Pale katikati tuliweka kondensa ya mikrofaradi 10 kwenda hasi, na nyingine kama hiyo kwenye njia ya kutokea. Mguu wa 7 ni chanya, wa 4 ni hasi. Bafa ikae karibu na gitaa, maana waya mrefu kabla yake hudaka kelele. Besi ilirudi, kwa ampli ileile.

Ufundi huu si mgeni kwenu. Mikro ndogo za elektreti zilizomo katika rekoda nyingi zina tranzista ndani yake inayofanya kazi hiyohiyo. Bila hiyo, sauti za watu tunaowahoji zisingefika mwisho wa waya.

Lakini bafa haiongezi sauti, wala haiponyi waya uliokatika. Msiiweke kati ya ampli na bafle. Pale panahitajika nguvu ambayo kasakiti hako hakana. Tena, ampli iliyoandikwa omu 8 msiifungie bafle ya omu 4, inaweza kuungua.

Kwa hiyo, mama au baba, kabla ya kuuza mbuzi ili ununue ampli, jaribu kwanza mikro ya kawaida kwenye ampli hiyohiyo. Ikisikika vizuri, acha mbuzi wako zizini. Mwambie fundi akufungie bafa.