Sabuni ya Asili, Asili ya Nini?



Huku Kisii, jiwe laini linalochimbwa Tabaka huitwa jiwe la sabuni. Mafundi hulichonga sahani na vinyago, vikafika hata katika maduka ya kwetu Mombasa. Wageni wangu kutoka pwani huuliza kama jiwe hilo hutoa povu. Zamani nilikuwa nikiwacheka. Siku hizi kicheko kimepungua, kwani nami niliwahi kuuza kitu kwa jina tu, bila ya kumweleza mnunuzi kilichomo ndani.

Nilianza kutengeneza sabuni baada ya kuolewa huku. Maparachichi ya Kisii na Nyamira ni mengi, na msimu ukifika mengine huozea chini ya miti. Nikajifunza kuyakausha na kuyakamua mafuta, kuyachanganya na mafuta ya nazi niliyoletewa na mama kutoka nyumbani, kisha kutia maji yenye kostiki soda. Ili nipate harufu ya kwetu, nikaongeza mafuta ya karafuu, kwa kukisia. Nikaifunga kwa karatasi iliyoandikwa "Sabuni ya Asili" pamoja na nambari yangu ya simu, nikaiuza katika soko la Daraja Mbili na lile la Keroka.

Jioni moja simu ikalia. Alikuwa mteja wangu wa Nyamira, naye yumo zahanati.

"Mama, mtoto ametoka vipele mwili mzima. Muuguzi anauliza, hii sabuni ina nini?"

Nilimtajia vyote. Nilipofika kwenye karafuu, muuguzi akauliza kiasi gani. Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwa nimepima. Akaamuru iachwe mara moja, kwani mafuta ya karafuu huwasha ngozi za baadhi ya watu, seuze ngozi ya mtoto mchanga. Alhamdulillahi, baada ya siku chache vipele vilikauka. Nilipokwenda kumtaka radhi, yule mama hakupandisha sauti. Alisema tu, "Ningejua, nisingemwogesha nayo."

Neno hilo lilinikosesha usingizi. Karafuu ni ya asili. Upupu nao ni wa asili. Neno nililolibandika kwenye karatasi lilinipamba mimi, wala halikumlinda mtoto wake.

Ndipo nikatafuta kanuni. Kumbe nchi za Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha lebo za vipodozi, EAS 346, na hapa Kenya msimamizi ni shirika la viwango, KEBS, lililoanzishwa mwaka 1974. Lebo inatakiwa itaje jina la bidhaa, mtengenezaji na anwani yake, uzito halisi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namna ya kuitumia na tahadhari zake. Viambato navyo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo, katika Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo ya anachokinunua.

Suala la uzito ndilo lililonitia hofu zaidi. Sabuni ya mkono huachwa ikauke kwa wiki nne hadi sita, na maji yanapotoka hupungua uzito. Mimi nilikuwa nikiipima ikiwa mbichi. Kila nisomapo Suratul Mutaffifin, hukumbuka vipande vile.

Wenzangu sokoni waliniambia kwamba hayo ni mambo ya viwanda vikubwa. Lakini tunaisoma habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta unyevu chini, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Rundo lile lilikuwa la mchuuzi, si la kiwanda. Kwangu mimi, lebo ndiyo kuuweka unyevu juu.

Nawe dada unayenunua, usiione lebo kuwa pambo. Ukisoma neno "tallowate", hayo ni mafuta ya mnyama, aghalabu ng'ombe au kondoo, uliza alichinjwaje. Ukiona "lardate", hayo ni ya nguruwe. "Cocoate" ni ya nazi, na "palmate" ni ya mawese. Ama krimu ya kung'arisha uso isiyotaja viambato vyake, iache dukani, maana baadhi ya krimu hizo hutiwa zebaki, ambayo hudhuru figo. Na ukiona nembo ya ubora ya KEBS, tuma namba ya kibali iliyo chini yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 uhakikishe, kwani nembo nazo hughushiwa.

Mimi mwenyewe nembo hiyo sijaipata. Haibandikwi kwa kujipa. Hutolewa baada ya mahali pa kazi kukaguliwa na bidhaa kupimwa. Kwa hiyo nimesimamisha kuuza. Vipande vilivyosalia sokoni nilivirudisha nyumbani, na meza yangu ya Daraja Mbili sasa ina mtu mwingine. Ni hasara, sikatai, na karo za watoto hazingoji kibali. Lakini nimenunua mizani, na kila tone sasa linaandikwa daftarini.

Yule mama wa Nyamira aliniambia kwamba nikianza tena, nimpelekee kipande kimoja, ila akisome kwanza. Inshallah nitampelekea, kisicho na karafuu.

Wabillahi tawfiq.