Bahasha ya Kibirizi

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Baada ya kukujulisha kwamba mimi ni mzima wa siha, illa magoti, ambayo tangu masika yaanze yananidai ushuru kila nipandapo ngazi za msikiti, nakuarifu kuwa barua yako imenifikia. Nimeisoma mara mbili kwa miwani, na mara ya tatu nimesomewa na mjukuu. Yote uliyoyaandika yamenifurahisha, ijapokuwa furaha hiyo haikuniondolea wasiwasi wa mambo mawili matatu ambayo, maadam mimi ndimi mjomba wako pekee niliyebaki juu ya ardhi, si haki niyanyamazie.

Umesema kwamba utakapotimiza miaka 60 utakabidhi funguo za wodi ya wazazi, utapokea kiinua mgongo chako, utafunga virago na kuhamia huku pwani katika nyumba ya marehemu bibi yako; na kwamba kamera umekwisha kuinunua, kwa kuwa azma yako ni kuzunguka nchi ukipiga picha maadam miguu ingali inakutii. Umesema pia kwamba jamaa wanakucheka, na mmoja wao amekuuliza kama mwanamke mzima aliyezalisha nusu ya mji wa Kigoma sasa anatafuta kazi ya kupiga picha harusini. Waache wacheke. Wengi wa hao wanaocheka, ukihesabu vyema, ni wewe uliyewapokea duniani, nao siku hiyo walikuwa wakilia.

Juu ya kustaafu kwenyewe sitakuchosha, kwani mambo ya pensheni unayajua kuliko mimi niliyestaafu mwanzoni mwa 1998, kwa hiari yangu, nikiwa na miaka 55, wakati ambapo karatasi za mafao zilikuwa zikienda kwa miguu. Nitakuonya moja tu, nalo ni kwamba upungufu wa fedha kila mtu atakuhadharisha nao, lakini hakuna atakayekwambia habari za ile asubuhi ya kwanza utakapoamka, ukavaa, ukajifunga saa mkononi, ukakuta hakuna kiumbe anayekungoja. Huko uliko huwezi kupita Mwanga mpaka sokoni bila kuitwa mara kumi. Huku utakuwa yule mama aliyekuja kutoka bara, hata kama bibi yako amezikwa hapa na wewe ulichezea mchanga wa Raskazone ulipokuwa mtoto. Kwa hiyo kamera yako mimi siioni kuwa upuuzi. Mgeni mwenye kamera ana sababu ya kusimama njiani na kutazama. Mgeni asiye na kitu mkononi akisimama mahali kwa muda mrefu watu humuuliza anatafuta nini. Lakini lenzi ya pili usiinunue mpaka uishi mwaka mzima kwa pensheni ya mwezi, ukajua inafika tarehe ngapi.

Sasa nije katika safari. Najua utasema mjomba ameanza tena habari za Liemba, nami nakuomba stahamala, kwa kuwa karani wa mizigo aliyekaa miaka thelathini bandarini Kigoma hana Kurani nyingine ya kufungasha mizigo isipokuwa meli ile. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapandishwa garimoshi kuelekea ziwani, mahali ambapo reli yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza ifike mwaka 1914. Ikaungwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915, na mwaka uliofuata, vita vilipowaelemea, wenyewe Wajerumani wakaizamisha. Hapo ndipo pana mafundisho. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito, mahali pote, kwa subira, hali adui yu karibu na wao wenyewe wanajua kwamba huenda wasirudi kuiona. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta injini zake hazikuharibika, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina hili tulilozoea. Mimi nilipanda meli hiyo mara nyingi, na kila niliposikia mtambo wake ukinguruma chini ya miguu yangu niliwafikiria watu wale na makopo yao ya grisi.

Lakini mganga hajigangi. Mimi niliyekuwa nikiwagombeza wafanyabiashara kwa kufunga mizigo yao ovyo, nilipohama mwenyewe nilifunga vyangu kwa pupa ya siku mbili. Negativu zangu za miaka ishirini na sita, yaani kila kitu kilichopita mbele ya ile kamera yangu ya Yashica tangu nilipoinunua kwa mtu aliyekuwa akirudi kwao, nilizitia pamoja na albamu katika sanduku la bati, nikalaza mablanketi juu yake, nikalifunga kwa kufuli kubwa na kujiona hodari, kana kwamba maji huingia kwa ufunguo. Ulikuwa ule wakati wa mvua za El Nino, zilizoanza mwishoni mwa 1997 na kuendelea hadi mwaka uliofuata, zikakatakata njia na kuchukua madaraja. Sanduku langu lilikaa njiani majuma saba, sijui wapi, wala simlaumu mtu, maana aliyelifunga ni mimi.

Lilipofika nililifungua hapa hapa barazani ninapokuandikia. Maji yalikwisha kukauka, lakini negativu zilikuwa zimegandamana tonge moja kama tende za kapu. Nilichukua bakuli la maji safi nikazilowesha, nikajaribu kuzibandua ukanda kwa ukanda, kwa ncha ya kisu cha kumenyea machungwa. Na kila nilipobandua, nyuso za watu ziliambatana na ukanda wa jirani, hata mvuvi mmoja akabaki bila kichwa, na kichwa chake nikakiona juu ya bega la bi harusi wa Ujiji. Nilifanya kazi ile tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi. Marehemu mke wangu alikuja akasimama mlangoni, akanitazama, kisha akasema chai inapoa. Hakusema jingine, naye alikuwa na haki ya kusema mengi, kwani siku ya kufunga mizigo ndiye aliyeniambia nizichukue mkononi.

Basi nasaha yangu juu ya mizigo ni fupi kuliko kisa chake. Kitanda, kabati, masufuria na cherehani vipande lori, navyo vikipotea utalia siku mbili na kununua vingine Barabara ya 12. Kile ambacho hakiuzwi popote ukipakate mapajani. Picha zako za zamani zitie katika mifuko ya plastiki, ufunge vizuri, kisha uzifunge tena kwa kanga kuukuu. Na zile za kamera mpya, ambazo nasikia hukaa katika kadi iliyo ndogo kuliko ukucha, mwachie mwanao nakala Dar es Salaam kabla hujaondoka. Pia usistaajabu ikiwa baadhi ya mambo yako hayatafika hata ukichukua hadhari zote. Utakapokuwa ukija kwa njia ya Korogwe na Muheza utaona mashamba ya mkonge. Mbegu ya mkonge huo ilitoka Florida mwaka 1893, vitoto 1,000 vikapakiwa vikapitia Hamburg, na vilivyofika pwani yetu vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Katika hivyo 62 ndimo yalimotoka mashamba yote unayoyaona, na mishahara, na migomo, na nusu ya ukoo wetu, kwa kuwa babu yako alikuja Tanga kukata mkonge.

Hewa ya huku ni adui wa kamera, nalo hili usilidharau. Unyevu wa bahari una chumvi, na lenzi ikiachwa gizani bila kupumua huota ukungu ndani yake, nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui, ambazo hazifutiki kwa kitambaa maana ziko nyuma ya kioo. Ule mkoba wa ngozi wa fahari uliosema umepewa na wenzako wa wodini, utundike ukutani kama pambo. Usihifadhie kamera humo, kwani ngozi hushika unyevu na kuulea. Tafuta kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, utie ndani vile vifuko vya chembechembe vitokavyo katika maboksi ya viatu vipya, uvibadilishe mara kwa mara, kwani vikishiba maji havina kazi tena. Na ukirudi kutoka ufukweni, hata kama umechoka, ifute kwanza kamera ndipo unawe miguu.

Hapa Tanga hutakosa cha kupiga. Yako makaburi ya nguzo ya Tongoni, yako mapango ya Amboni, na ukipanda Lushoto utakuta ukungu mwingine wa kupendeza usioharibu kitu. Jua la mchana huku huwapausha watu na kuta kwa pamoja. Toka alfajiri, au ungoje alasiri. Lakini haya yote yatakungoja. Ninalokusihi hasa ni kwamba usiifungue kamera yako Tanga kabla ya kuimaliza kazi yake Kigoma. Mimi kwa miaka ile yote nilikuwa nikipiga zaidi vile vinavyopigwa na wageni: mnara wa Ujiji wanapoonyeshwa mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, na sokwe wa Gombe waliokuwa wamekwisha kupata umaarufu tangu Bi Jane Goodall alipoanza kuwachunguza mwaka 1960. Picha hizo hata zingeokoka ningeweza kuzinunua dukani. Dagaa walioanikwa mchangani niliwaona kila siku, kwa hiyo sikuwapiga. Usiku wa giza, wavuvi wanapowasha taa zao ziwani mpaka maji yanafanana na mji wa pili uliojengwa mbele ya mji wa kwanza, nilikuwa nikitazama dirishani huku nikila, nikijiambia kesho, nao mwezi ukikomaa wavuvi hubaki nyumbani, na kesho yangu ikawa inasogea kila mwezi kwa muda wa miaka thelathini. Piga benchi wanapongojea waume wa wazazi. Piga kinu cha mawese cha jirani yako. Piga mlango wako mwenyewe, ukiwa wazi, na viatu vikiwa nje.

Tena kuna deni. Mtu ukimpiga picha umemkopa, hata kama amekubali kwa kicheko. Na ukimwambia nitakuletea nakala, deni limeandikwa. Mimi nilikuwa mwepesi wa ahadi hizo. Nilikuwa nikishuka Kibirizi siku za Jumapili, nikipiga wavuvi na mafundi wa mitumbwi, nikiahidi kulia na kushoto, na nilipokwenda kusafisha picha nilichagua zilizo nzuri nikazitia katika albamu yangu. Katika majuma yangu ya mwisho nilipatwa na haya, nikasafishisha picha kumi na moja kwa ajili ya wenyewe, nikazitia katika bahasha, na bahasha nikaitia mfuko wa ndani wa koti, nikiazimia kuipeleka Jumapili ya mwisho. Jumapili ile nilikuwa nikitafuta kamba za kufungia kitanda. Koti nikalivaa safarini. Ndiyo maana katika kazi yangu yote ya miaka ishirini na sita hazikuokoka isipokuwa zile kumi na moja ambazo hazikuwa zangu.

Bahasha hiyo naituma pamoja na barua hii kwa mkono wa kijana anayerudi Kigoma, nawe nakuomba ushuke nayo Kibirizi kabla ya lolote jingine, kabla ya kuita lori na kabla ya kuaga. Wengi wao najua wamekwisha kutangulia mbele ya haki, lakini wana watoto, na pengine kuna mtoto asiye na sura ya baba yake popote. Wakikuuliza kwa nini zimechelewa usinitafutie udhuru. Waambie ni ajizi ya karani. Wakikupa migebuka mikavu usikatae, nami huku sitakataa.

Nyuma ya picha kumi nimeandika jina la mwenyewe na mahali nilipompigia. Ya kumi na moja haina jina, kwa sababu sikuliuliza. Ni binti wa miaka kama kumi hivi, amejitwika beseni la dagaa, anacheka, jino moja la mbele halipo, na juu ya nyusi yake ya kushoto ana kovu lililopinda kama mwezi mwandamo. Ilikuwa mwaka 1997, basi sasa atakuwa mtu mzima anayekaribia miaka arobaini, na ikiwa alibaki Kibirizi bila shaka alijifungulia wodini mwako. Itazame vizuri, mpwa wangu. Jino litakuwa limeota, lakini kovu halihami.

Ni mimi mjomba wako,
nikupendaye