Mama Nani

Ukipanda daladala Mwenge kuelekea Tegeta, jaribu kuhesabu "yaani" za abiria wawili wanaosimuliana mambo ya ofisini. Mimi huwa nachoka kabla ya Tangi Bovu. Yaani bosi mwenyewe, yaani nikamwambia, yaani sijui nini. Neno lilitoka kwa Waarabu na kwao ni "inamaanisha". Kwetu limekuwa ahadi: subiri, maana inakuja. Mara nyingi haiji, na hakuna anayedai. "Aisee" tuliipata kwa Waingereza, ambao wenyewe karibu wameiacha. Sisi bado tunaitumia kila siku, tena kwa raha.

Lakini linalonigusa mimi ni "nani". Si lile la kuuliza. Nasema lile linaloshika nafasi ya jina lililokwama mdomoni: niitie yule nani, kamwambie nanii aje.

Na majina Dar hukwama sana, kwa sababu hatuyatumii. Konda anakutazama usoni sekunde moja, anaamua wewe ni dada, shangazi, anko au mzee, na aghalabu hakosei. Mume wangu kwa bodaboda wa kituoni kwetu hapa Mbezi Beach ni mkuu, bosi, kamanda. Cheo kinapanda kadiri safari inavyokuwa ndefu. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, nchi ilijaribu kuwa "ndugu" watupu, kiongozi kwa mkulima. Siku hizi ndugu amebaki kwenye barua na mikutano, waheshimiwa wametujaa.

Mwanamke naye akifika umri fulani anakuwa mama, na mama lazima awe wa mtu. Mama Kulwa, Mama Junior, Mama Ashura. Najua kuna wasomi wanaolalamika kwamba hapo jina la mwanamke linamezwa. Sawa, lakini shoga yangu mmoja alilia kwa furaha wodini siku ya kwanza kuitwa hivyo, na mimi nilimwonea wivu.

Mwaka 2018 nilikuwa mama kijacho. Hilo nalo kwetu ni jina kamili. Dada mwenye genge karibu na nyumbani alikuwa ananichagulia ndimu mwenyewe: "Mama kijacho usiiname, nitakuokotea." Miezi sita hivyo. Kisha nikarudi kutoka hospitali mikono mitupu, nikakaa ndani wiki tatu. Siku niliyotoka aliniona kwa mbali, akaweka chini fungu la mchicha.

"Mama..." Akanyamaza. Mkono umeganda hewani. "Mama nani, jamani, habari za siku?"

Ikashika. Wateja walisikia, watoto wakasikia, na sasa mtaa mzima mimi ni Mama Nani. Wanapita na mabegi yao ya shule, "Shikamoo Mama Nani," naitikia marahaba.

Dada yangu hataki hata kulisikia. Anasema niwakataze, ati wananidhihaki. Niwakataze niwaambie nini? Yule wa genge angeweza kunirudisha kwenye udada, kana kwamba ile miezi sita haikuwepo. Angeweza kuniita aunti, ndiyo njia rahisi, wengi wangefanya hivyo. Yeye aliniachia umama wangu, na penye pengo akatia neno tunalolitia tukijua kabisa kwamba mtu yupo, ila jina lake halijafika mdomoni. Sidhani kama alifikiria yote haya. Alikuwa anatafuta la kusema tu, yaani.

Mwezi uliopita alikuja fundi bomba kutengeneza koki ya nje. Amesikia watoto wakiniamkia getini. Akawa anafunga spana zake, akauliza, kwa kupiga soga tu:

"Huyu Nani wenu sasa yuko darasa la ngapi?"

Nikapiga hesabu.

"La kwanza," nikamwambia.