Kadi ni ya mmoja, safari ni ya ukoo

Bandari ya Miami, Marekani, imekaa juu ya kisiwa cha Dodge, ndani ya ghuba ya Biscayne. Upande mmoja yanaonekana maghorofa ya katikati ya jiji, upande wa pili ni njia ya kwenda fukwe za Miami Beach. Magari huingia kwa daraja, au kwa barabara inayopita chini ya maji iliyofunguliwa mwaka 2014. Wenyeji wanaiita makao makuu ya meli za kitalii duniani, na anayefika Jumamosi asubuhi haoni sababu ya kubisha. Meli zimepangana gatini kama majumba, wapagazi wanasukuma masanduku, na familia nzima nzima zinashuka kwenye magari. Mtoto ameshika boya la kuogelea, bibi amekaa kwenye kiti cha magurudumu akishangaa ukubwa wa kilicho mbele yake.

Ana haki ya kushangaa. Icon of the Seas, meli ya kampuni ya Royal Caribbean iliyojengwa Turku, Finland, na kuanza safari zake kutoka bandari hiyo Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na ghorofa 20. Ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600. Ukiongeza wafanyakazi, unakaribia watu 10,000. Huo ni mji mdogo unaoelea.

Na kama ilivyo katika mji wowote, kuna wenye cheo na wasio na cheo. Familia huanza kuliona hilo mlangoni pa ukumbi wa abiria. Kuna foleni ndefu ya watu wote, na kuna foleni fupi ya wateja wa muda mrefu waliopanda daraja. Hapo ndipo baba anapotoa simu yake kwa fahari, mhudumu anamwelekeza kwenye foleni fupi, kisha anawatazama walio nyuma yake na kuuliza: "Na hawa?"

Daraja linavyopatikana

Karibu kila kampuni kubwa ya meli za kitalii ina mpango wa kuwazawadia wateja wanaorudi. Wa Royal Caribbean unaitwa Crown & Anchor Society, na hesabu yake ni nyepesi: usiku mmoja melini ni pointi moja. Anayelala kwenye vyumba vya kifahari hupata pointi mbili kwa usiku.

Pointi 3 humpa mtu daraja la Gold. Pointi 30 ni Platinum, 55 ni Emerald, 80 ni Diamond, 175 ni Diamond Plus, na 700 ni Pinnacle, kilele chenyewe. Kwa anayesafiri wiki moja moja katika chumba cha kawaida, Diamond inakuja kwenye safari ya 12. Pinnacle inataka safari 100 za namna hiyo. Kwa watu wengi, basi, Diamond ni kazi ya miaka mingi ya likizo, na ndiyo maana wenye nayo huiona kama mali.

Kampuni nyingine hupima kwa kipimo kingine. Disney, katika mpango wake wa Castaway Club, huhesabu safari wala haihesabu usiku. Siku tatu ni safari moja, wiki nzima ni safari moja. Safari 5 ni Gold, 10 ni Platinum, 25 ni Pearl. Carnival nayo kwa miaka mingi ilihesabu siku, lakini mwaka 2025 ilitangaza mpango mpya utakaotazama fedha ambazo mteja anatumia. Mzazi anayejumlisha pointi zake ajue kwamba masharti haya hubadilika, na hubadilika kwa uamuzi wa kampuni.

Familia ni nani?

Hapa ndipo penye kazi. Kwa kampuni, familia ni anwani. Royal Caribbean huruhusu mume na mke, au wenza wanaoishi nyumba moja, kutumia daraja la yule aliye juu, mradi uhusiano wao umeandikishwa. Watoto walio chini ya miaka 18 hupewa daraja la wazazi wao.

Kwa msomaji wa Kiswahili, familia haiishii hapo. Chukua mfano wa familia inayoishi Texas. Baba na mama ni Diamond. Wana watoto wawili, wa miaka 9 na 15. Safari hii wamemleta bibi, mama mzazi wa baba, aliyetoka Tanga kuja kuwaona wajukuu. Yupo pia shangazi, dada yake baba, anayeishi mji mwingine. Ni watu sita waliokula chungu kimoja tangu Jumatatu. Kampuni inawaona wanne wenye Diamond na wawili wasio na kitu.

Mama anaweza kupita kwenye foleni fupi na wanawe. Mama mkwe wake abaki kwenye foleni ndefu na wifi? Huko nyumbani, jambo la namna hiyo lingezungumzwa vikao vitatu.

Wahudumu wa bandarini mara nyingi huona bibi mzee na kufumba jicho. Lakini hiyo ni huruma ya mtu mmoja, haiwezi kupangiwa safari. Njia ya uhakika ni baba na mama kuamua mapema: ama wote sita wapange foleni ndefu pamoja, ama mmoja wao akae na bibi. Anayekwenda mbele na watoto asisahau kwamba mzee ndiye aliyehitaji foleni fupi kuliko wote. Kama ana shida ya miguu, kampuni hutoa msaada wa kiti cha magurudumu bila kujali daraja. Uombwe kabla ya siku ya safari.

Yanayogawika na yasiyogawika

Faida za daraja ni za aina tatu, na mzazi akizitenganisha vichwani mwa wenzake, nusu ya manung'uniko huisha.

Ya kwanza ni faida za chumba. Disney husifiwa na familia kwa sababu hii: faida nyingi za Castaway Club huwafikia wote wanaolala chumba kimoja na mwanachama. Carnival nayo imekuwa ikiwaruhusu wanaolala na mwanachama wa Platinum au Diamond kupanda meli pamoja naye mapema. Familia iliyochukua vyumba viwili ina ujanja halali hapa. Baba aandikishwe chumba kimoja na shangazi na mtoto mkubwa, mama aandikishwe cha pili na bibi na mtoto mdogo. Kila chumba kinapata mwanachama wake. Kwa vile meli nyingi hutaka mtu mzima katika kila chumba, mpango huo unatimiza mambo mawili kwa pamoja.

Ya pili ni faida zinazobebeka. Norwegian huwapa wanachama wa Platinum chakula cha jioni cha watu wawili katika migahawa yake ya kulipia. Hakuna aliyeandika kwamba mtu wa pili lazima awe mume. Baba akimchukua mama yake usiku huo, wawili tu, mbele ya meza yenye kitambaa cheupe, huenda ikawa ndiyo zawadi itakayosimuliwa Tanga kwa miaka. Mfuko wa nguo za kufuliwa bure, pale unapotolewa, hauulizi shati ni la nani.

Ya tatu ni faida za mtu binafsi, na hizi ndizo zinazoleta kesi. Diamond wa Royal Caribbean aliye mtu mzima hupata vocha nne za vinywaji kwa siku, zinazowekwa ndani ya kadi yake. Si za pombe peke yake, kwani hulipia pia soda, juisi na kahawa za mashine. Kwa familia isiyokunywa pombe bado zina thamani, maana soda melini huuzwa, ingawa maji, chai na kahawa ya kawaida vipo bure kwenye bufee. Masharti yanasema vocha hizo hazihamishiki kwa mtu mwingine.

Ukumbi wa mapumziko wa wanachama wa Diamond ni hivyo hivyo. Mlango hufunguliwa kwa daraja la mwenye kadi. Bibi na shangazi, hata wangekuwa chumba kimoja na Diamond, hawamo.

Kadi haiazimwi

Kishawishi ni kikubwa. Mama hataki kwenda ukumbini jioni ile, kwa nini asimpe wifi kadi yake?

Kadi ya melini ni zaidi ya tiketi. Inafungua chumba, inalipia kila kitu, na ndiyo inayoonyesha nani ametoka melini na nani amerudi. Ikipitishwa kwenye mashine mlangoni, picha ya mwenyewe hutokea kwenye kioo cha mlinzi. Meli inapotaka kung'oa nanga, orodha hiyo ndiyo huwaambia kama mtoto wa miaka 9 yumo ndani au amebaki ufukweni. Familia inayozoea kubadilishana kadi inachezea kitu ambacho siku ya dharura kitatafutwa.

Kuna pia macho ya watoto. Mtoto wa miaka 15 akimwona mama anamwazima shangazi kadi ili apite mlango usio wake, hahitaji maelezo zaidi kuhusu jinsi ya kuishi mjini.

Bahari haina daraja

Safari nyingi za kutoka Miami hupita CocoCay, kisiwa kidogo cha Bahamas ambacho Royal Caribbean imekigeuza kuwa mahali pa mapumziko na kukifungua upya mwaka 2019. Meli hufunga kwenye gati, abiria wanashuka kwa miguu, na wazee hubebwa na vigari vya wazi bila malipo.

Yapo ya kulipia. Mteremko wa maji wa Daredevil's Peak, wenye urefu wa mita 41, uko ndani ya eneo la tiketi. Puto kubwa linalopanda juu kutazama kisiwa nalo lina bei yake. Lakini fukwe, bwawa kubwa la maji baridi na sehemu kubwa ya chakula ni vya wote. Kijana aliyepanda meli mara ya kwanza na mzee mwenye pointi 700 wanalala kwenye viti vya aina moja, chini ya miavuli ya aina moja, wakitazama maji yale yale ya rangi ya feruzi.

Familia yenye busara huweka uzito wake hapo. Wazazi wanaotumia siku nzima kukimbilia kila faida ya kadi hujikuta wamewaacha wageni wao kwenye bufee, na wageni wao ndio waliosafiri mbali zaidi.

Mazungumzo kabla ya kulipa

Mambo machache yasemwe mezani, nyumbani, kabla fedha haijatoka.

Kwanza, nani ana nini. Baba aseme waziwazi: "Sisi tuna daraja hili, linatupa hiki na hiki. Mama na dada hamtakuwa nacho, kwa hiyo siku hizi na hizi tutakuwa pamoja, na saa hii moja sisi tutakuwa ukumbini." Asiyeambiwa hujiona amefichwa.

Pili, fedha. Daraja halifuti gharama. Kwenye kampuni nyingi, bahashishi ya wafanyakazi hutozwa kila abiria kila siku, watoto pamoja nao. Mgeni aliyedhani kadi ya mwanawe imemaliza kila kitu asije kuliona hilo kwenye hesabu ya mwisho.

Tatu, kama kuna fedha ya kumnunulia bibi kifurushi cha soda au chakula kimoja cha mgahawa wa kulipia, kinunuliwe mapema. Mara nyingi ni nafuu kuliko heshima iliyovunjika.

Nne, pasipoti na viza. Meli inatoka Marekani, inaingia nchi nyingine, kisha inarudi. Mgeni mwenye viza ya kuingia mara moja aulize ubalozi au mamlaka za uhamiaji kabla ya kulipa hata senti.

Tano, bibi aandikishwe uanachama. Ni bure, na pointi hupewa anayelala melini, hata kama tiketi imelipwa na mwanawe. Usiku saba wa wiki ile unamfanya Gold kwa jina lake mwenyewe.

Daraja hilo halimpi mengi. Lakini baada ya safari kampuni itamtambua kwa jina, na akirejea Tanga atakuwa na kitu cha kuwaonyesha majirani wanaozijua meli kubwa kwa kuziona kwa mbali tu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mzazi mwenye Diamond hawezi kuigawa kadi yake. Muda wake anaweza, na kiti cha pili kwenye meza ya wawili pia.