Ukingo Ulio Mbichi

Huku kwetu Lubumbashi kiangazi ndicho majira ya kupaka nyumba rangi. Mvua imekoma, kuta zimekauka, na wengi hutaka sebule ipendeze kabla ya harusi au kabla ya mpangaji kuingia. Lakini hewa hiyo kavu, ambayo hupasua midomo yetu, huyanywa maji ya rangi kwa pupa. Rangi ya maji ambayo wakati wa masika ingekuachia nafasi ya kutafakari, mwezi wa Septemba hushikana ukutani kabla hujageuka kuchovya tena. Nimeshika rulo kwa miaka mingi, na naona kwamba sehemu kubwa ya ufundi huu ni kuzitumia vema dakika hizo chache.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mkanda wa rangi una ukingo. Ukingo ukiwa bado mbichi, mkanda unaofuata huungana nao, na jicho halioni mahali ilipokutana. Ukiwa umeanza kukauka, rangi mpya hulala juu ya ile ya kwanza. Hapo unene huwa mara mbili, na mwanga wa dirisha unapoupitia ukuta kwa ubavu, mstari hujitokeza wazi. Mstari huo haufutiki kwa kupitisha rulo tena. Ukirudi juu ya rangi iliyoanza kunata, utaivuta na kuuharibu ukuta zaidi. Ukiona mahali palipokosa rangi, paache hadi mkono wa pili. Hilo ni gumu kwa kijana mwenye bidii, nami sijui amri nyingine ya kazi hii inayovunjwa mara nyingi kama hiyo.

Kazi basi huanza kabla ya kufungua ndoo. Plasta mpya huachwa ikauke kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kisha hupewa rangi ya msingi ili kuituliza kiu. Chokaa ya zamani inayobaki kiganjani ukiipapasa haina budi kukwanguliwa na kuoshwa, la sivyo rangi itabanduka pamoja nayo. Ndoo za rangi moja zichanganywe katika chombo kimoja, kwa maana hata mapacha hutofautiana. Madirisha yafungwe wakati wa kupaka, yafunguliwe baadaye. Mimi hunyunyiza pia maji sakafuni: vumbi letu jekundu hutulia, na hewa hupata unyevu kidogo. Wako wanaojaribu kuishinda haraka ya rangi kwa kumimina maji mengi ndani ya ndoo. Siwasifu. Rangi iliyozidishwa maji haifuniki, na mwenye nyumba hulipia mikono mitatu badala ya miwili.

Rulo nayo ichaguliwe kwa kuutazama ukuta: manyoya ya milimita 10 hadi 12 kwa ukuta laini, karibu 20 kwa plasta ya kukwaruza. Ilowanishwe kwa maji, ikamuliwe, kisha ijazwe rangi vizuri. Wengi huchovya kidogo kwa kuogopa matone, halafu hukandamiza. Kukandamiza huacha michirizi kandokando ya rulo, na kuchovya kidogo hukurudisha ndooni mara kwa mara huku ukingo ukifa. Tia mpini mrefu ili usipande na kushuka ngazi. Shusha mkanda kutoka darini hadi sakafuni, ufunike sehemu ya mkanda uliotangulia, kisha upitishe rulo kwa wepesi, bila kuchovya, daima kwa mwelekeo mmoja. Ikiwa huna budi kupumzika, pumzikia konani, kamwe si katikati ya ukuta.

Tena kazi hii yataka watu wawili, na hapo ndipo penye taabu. Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, ndugu wawili wa tumbo moja walipata kazi ya sebule katika Katuba. Mkubwa alishika burashi, mdogo rulo. Mkubwa, akitaka kumaliza mapema, alizungusha burashi kona zote za chumba, akaenda zake. Mdogo alipoanza na rulo, rangi ya burashi ilikuwa imekwisha kukauka. Asubuhi kila ukuta ulionekana kama picha iliyotiwa fremu. Mwenye nyumba alikataa kulipa nusu iliyobaki, na nusu hiyo ndiyo iliyokusudiwa kuwa ada ya dada yao ya Mtihani wa Serikali.

Waliponiita niliwakuta hawasemezani. Tulisugua maungio kwa msasa laini, tukafuta vumbi, kisha nikawaomba jambo moja tu: mwenye burashi asimtangulie mwenye rulo kwa zaidi ya mita moja. Hapo walilazimika kusema. “Ngoja, kaka.” “Njoo, mdogo wangu.” Mpaka kona ya pili walikuwa wakizungumza habari nyingine kabisa. Mwenye nyumba alilipa, ila alikata bei ya ndoo ya nyongeza. Mkubwa aliuza simu yake ili kujaza pengo, na dada akafanya mtihani.

Dari hupakwa kabla ya kuta, nayo haina huruma, kwa sababu mwanga wa dirisha huitambaa yote. Mikanda ifuate upande mfupi wa chumba, ili urudi kwenye ukingo kabla haujafa. Michelangelo, aliyechora dari ya Kanisa dogo la Sistina kati ya 1508 na 1512, alishindana na adui huyohuyo: rangi ilipaswa kuingia katika plasta ikiwa mbichi, hivyo kila siku ilitandazwa plasta ya kutosha kazi ya siku hiyo tu. Katika uchoraji wa namna hiyo maungio ya siku na siku hufichwa mara nyingi katika mpaka wa umbo la mtu au vazi. Sisi hatuna manabii wa kufichia maungio yetu darini, kwa hiyo chumba kikiwa kikubwa chukueni rulo mbili, mtembee sambamba, na wa tatu awasogezee ndoo.