Deki ya milioni sita na masikio ya Mjomba

Ukikaa na watu wanaopenda vyombo vya muziki, neno utakalolisikia mara nyingi ni "Unasikia?" Mwenyeji anaweka CD, anakukalisha katikati ya spika mbili, anafumba macho, halafu: "Unasikia? Unasikia hiyo fidla ilivyotoka?" Na wewe, kwa adabu uliyolelewa nayo, unasikia. Nani atasema hasikii wakati mwenye chombo ametoa mamilioni, na chai ameshakutengea?

Mjomba wangu wa Tanga ni mmoja wa watu hao. Alifanya kazi Muscat miaka kumi na tisa, na aliporudi Ngamiani hakuja na gari kama wenzake. Alikuja na deki ya CD ya Kijapani, amplifaya, spika mbili ndefu kama mtoto wa darasa la tatu, na sanduku la CD ambalo mpaka leo hakuna anayeruhusiwa kulibeba isipokuwa yeye. Nyingi ni taarabu: Black Star na Lucky Star za hapo hapo Tanga, Zein Musical Party ya Mombasa, Culture Musical Club ya Unguja. Baadaye akaajiriwa bandarini mpaka alipostaafu mwaka jana.

Mafao yakaingia, na shida ikaanza. Mgeni mmoja wa Dar es Salaam alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao Ulaya na anauza deki yake kwa shilingi milioni 6. Si deki ya mchezo: uzito kama nusu mfuko wa saruji, mwili wa alumini, inasoma CD na SACD. Jina la kampuni nalihifadhi, halina kosa lolote katika habari hii. Mgeni akakubali Mjomba akae nayo wiki mbili aijaribu. Upande wa pili, mkaza mjomba alikuwa na hoja yake, na hoja hiyo ilikuwa inadondoka matone kwenye sufuria katikati ya chumba cha watoto kila mvua ikinyesha. Anataka mabati.

Nikapigiwa simu. "Mpwa wangu, wewe si ndiye unayesomea elektroniki? Njoo usikilize, umweleweshe mkaza mjomba wako." Yaani naitwa shahidi, na ushahidi wenyewe umeshaandikwa. Milioni 6, wadau, ni karibu sawa na ada yangu ya miaka yote minne.

Kabla ya kupanda basi nilijikumbusha deki inafanya nini hasa. CD ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, na mashine ya kwanza, Sony CDP-101, ilikuwa yeni 168,000. Ndani ya CD hakuna muziki, kuna namba. Kila sekunde sauti imepimwa mara 44,100 kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila kipimo ni moja kati ya ngazi 65,536. Hesabu hiyo inatosha kubeba sauti zote nyembamba mpaka kama kilohezi 20, ambayo ndiyo dari ya sikio la kijana mzima wa afya. Kazi ya deki ni mbili: kusoma namba hizo kwa leza, kisha kuzigeuza kuwa umeme unaokwenda kwenye amplifaya.

Kwenye kusoma, wauzaji wanapenda kusema deki ya bei "inasoma kwa undani zaidi". Hapa napingana nao moja kwa moja. Namba za CD zimeandikwa pamoja na namba za ziada za kurekebisha makosa, na utaratibu huo una nguvu kiasi kwamba mkwaruzo unaofuta milimita 2.5 za mstari unaweza kufidiwa wote, namba kwa namba, bila kubahatisha. Deki ikisoma sawa, imesoma sawa. Hakuna kusoma kwa undani, kama ambavyo hakuna kusoma 7 kwa undani ikawa 7 nzuri zaidi.

Kwenye kugeuza namba kuwa umeme ndiko kulikokuwa na tofauti za kweli, hasa miaka ya mwanzo. Hiyo Sony ya kwanza ilikuwa na kigeuzi kimoja kinachohudumia kushoto na kulia kwa zamu. Philips walianza na kigeuzi cha biti 14 wakati CD ina biti 16, wakafidia kwa kukiendesha kasi mara nne. Siku hizi kigeuzi kizuri ni kidude kidogo cha bei ya chini, na kinaingia kwenye mashine za kila aina.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda sana. Mwaka 2010 ilijulikana kwamba mashine ya Lexicon BD-30, iliyouzwa dola 3,500 Marekani, ilikuwa na mashine nyingine nzima ndani yake, Oppo BDP-83 ya dola 499. Si vipuri vyake. Yenyewe, na bodi zake na chasisi yake, imevalishwa boksi la nje zito zaidi. Kuna watu walishaisikiliza wakaisifu sauti yake kuliko ya ile ya dola 499. Sidhani walidanganya. Naamini kweli walisikia.

Na kuhusu SACD, ambayo ilikuja 1999 ikiahidi kubeba mengi zaidi ya CD, Meyer na Moran walichapisha mwaka 2007 jaribio lao kwenye jarida la Audio Engineering Society. Waliwasikilizisha watu SACD yenyewe, halafu SACD hiyo hiyo ikiwa imepitishwa kwenye kiwango cha CD, bila wasikilizaji kujua ipi ni ipi. Majibu 554, sahihi 276. Ungerusha shilingi ungepata hivyo hivyo.

Lakini huwezi kwenda Ngamiani kumwambia mzee, "Shikamoo Mjomba, kuna Wamarekani wamesema husikii." Nikaamua tupime sebuleni kwake, na masikio yake mwenyewe.

Nilienda na vitu vitatu: multimita, kidhibiti sauti kidogo nilichokitoa kwenye redio mbovu, na deki ya DVD ya rumumeti wangu, ya shilingi 60,000, ambayo hata rimoti haina. Tukatundika kanga mbele ya vyombo. Nyuma ya kanga akakaa binti yake Mjomba, yuko kidato cha tatu, na sarafu na daftari. CD moja katika deki ya Muscat, nakala yake katika deki ya mgeni, zote zinaanza pamoja. Binti anakusikilizisha ya kwanza, anakusikilizisha ya pili, halafu anarusha sarafu na kuchezesha mojawapo. Wewe unasema ni ipi. Mara 16. Mimi nimekaa upande wa wasikilizaji na sijui kitu, kwa sababu anayejua hata asiponena uso wake utanena. Kwa kubahatisha tu, kupata 12 au zaidi katika 16 hutokea chini ya mara 4 katika kila majaribio 100, kwa hiyo tukakubaliana 12 ndiyo alama ya kufaulu.

Raundi ya kwanza Mjomba alipata 13. Aligeuka akamtazama mkewe. Hakusema kitu, hakuhitaji.

Ndipo nikaomba multimita ifanye kazi. Nikacheza mlio wa kilohezi 1 na kupima umeme kwenye nyaya za spika. Deki ya mgeni ilikuwa inatoa umeme mwingi zaidi, asilimia 15 hivi. Kwa sauti hiyo ni kama desibeli 1.2. Ni kidogo kiasi kwamba hakuna atakayesema "hii iko juu". Utasema iko wazi, ina pumzi, fidla imetoka. Sikio letu ndivyo lilivyo: sauti iliyozidi kidogo inaingia akilini kama sauti nzuri, na ndiyo maana wanaopima kwa makini husawazisha mpaka tofauti ibaki desibeli 0.1, sawa na asilimia 1 ya umeme. Duka gani umewahi kuona wakisawazisha?

Nikaunga kile kidhibiti sauti kwenye waya wa deki ya mgeni, nikasawazisha, nikavikagua vipimo mara tatu. Mjomba akakaa. Raundi hii aliwaza sana, akawa anaomba kurudiwa, "Tena. Hebu tena." Alipata 9. Mimi 8. Mkaza mjomba, ambaye alikataa kukaa kwenye kiti cha katikati na alisikiliza akichambua mchele, alipata 7.

Nisiseme deki zote ni sawa, maana deki ya rumumeti ilitiwa mbaroni. Mjomba aliitambua mara 14 kati ya 16, na sauti zikiwa zimesawazishwa vilevile. Muziki ukipanda husikii kitu, lakini muimbaji akinyamaza kati ya beti na beti kuna mngurumo mwembamba wa umeme, na injini yake inasikika ikizungusha diski. Kwa hiyo masikio ya Mjomba hayakuwa yanabahatisha kila kitu. Yalipopewa tofauti ya kweli yaliikamata. Hilo nililisema kwa sauti, na niliona bega lake likishuka.

Kilichofuata sikukipanga. CD yangu ya vipimo ilikuwa bado inazunguka na ikaingia kwenye milio mingine, kilohezi 8, 10, 12. Kwenye 12 mkaza mjomba akasema, "Toa hiyo, kama mbu." Mjomba akauliza, "Umeshawasha?"

Binti alichungulia nyuma ya kanga. Nikazima haraka nikajifanya natafuta waya. Kila mtu anayezeeka hupoteza zile za juu kwanza, iko kwenye vitabu vyote, lakini kitabuni haina sura ya mzee aliyekaa sebuleni kwake mbele ya kijana wa dada yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyevunja kimya. "Kumbe hiyo SACD wanaiuzia popo," akasema, na mkewe akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Usiku ule hatukuzungumzia deki tena. Aliweka Shakila, kwenye deki ya zamani, na nilichokisikia zaidi ni spika. Ya kushoto ilikuwa inakwaruza kwenye besi. Nilipofungua kitambaa cha mbele, sponji la ukingo lilikuwa limeoza kwa joto na unyevu wa pwani, linatoka kama majivu. Spika zenyewe zilikuwa zimesukumwa kwenye kona, nyuma ya kochi. Hapo tofauti unaisikia bila sarafu wala kanga, hata mpishi aliyeko uani anaisikia. Na rekodi yenyewe inazidi vyote: zile nyimbo za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zitakwaruza kwenye deki ya milioni 6 vilevile zinavyokwaruza kwenye ya elfu 60.

Naandika haya kwa sababu mabweni yetu nayo yana wajomba wake, wa miaka 21. Bumu likiingia tu utawasikia koridoni: headfoni hii ina "detail", adapta ile inafungua sauti, hebu vaa, unasikia? Mwambie rafiki yako asawazishe sauti, ugeuze mgongo, achague kwa sarafu. Ukipata 12, nunua kwa amani. Na ukitaka kununua kwa sababu chombo ni kizuri, kizito mkononi, kitadumu, nunua pia, ni pesa yako. Deki ya mgeni ilikuwa nzuri kweli. Droo yake ilitoka taratibu bila kelele kama mtu anayepisha mzee mlangoni.

Mjomba aliirudisha. Mabati yamepigwa upande wa watoto, fundi wa barabara ya kumi na mbili alibadilisha masponji ya spika zote mbili kwa shilingi 80,000, na kochi limehama. Wiki iliyopita alinipigia tena. Droo ya deki ya Muscat imeanza kugoma, lazima aisukume kwa kidole. Nadhani ni mkanda umelegea, mpira wa shilingi elfu chache, na ameshaniagiza niutafute Kariakoo. Nilimuuliza sauti ikoje siku hizi.

"Iko vizuri," akasema. "Lakini ile ya yule mgeni, bwana. Mimi nilikuwa naisikia."